Kishikwambi Kisicho na Wafuasi Kinaweza Kushindana?

Ndugu wasikilizaji, hamjambo, na shikamooni wakubwa zetu.

Swali la leo ni fupi. Kishikwambi ambacho watu wengi hawakijui, kinaweza kusimama mbele ya vile vyenye kampuni kubwa na maelfu ya programu nyuma yake? Jibu langu ni kwamba kinaweza, ila si katika uwanja ambao watengenezaji wengi huuchagua. Wao hupenda kushindana kwa orodha iliyobandikwa ubavuni mwa boksi: chipu yenye kasi, RAM kubwa, kamera mbili. Mwaka 2011 orodha hiyo ilipimwa hadharani na ikaonekana haiamui kitu. Nitaanzia huko, kisha tuje Kariakoo ya Dar es Salaam na Luthuli ya Nairobi, ambako swali hili linalipiwa kwa shilingi.

Tuanze na vifaa viwili vinavyofanana kama watoto wa tumbo moja. Tarehe 19 Aprili 2011 Research In Motion (RIM), kampuni ya Kanada iliyotengeneza simu za BlackBerry, iliingiza sokoni PlayBook. Kioo inchi 7, pikseli 1024 kwa 600. Chipu OMAP4430 ya Texas Instruments, viini viwili vya gigahezi 1. RAM GB 1, kamera mbele na nyuma, na mfumo endeshi uliojengwa juu ya QNX, ambao ulishajijengea heshima viwandani na kwenye magari. Bei ilianzia dola 499. Tarehe 15 Novemba mwaka huo huo Amazon ikatoa Kindle Fire. Kioo inchi 7, pikseli 1024 kwa 600. Chipu OMAP4430, ile ile. RAM MB 512, yaani nusu. Hifadhi GB 8. Kamera hakuna, maikrofoni hakuna, Bluetooth hakuna. Bei dola 199.

Ukivipima kwa rula na kwa saa, PlayBook inashinda karibu kila kipengele. Sokoni ikawa kinyume. RIM ilisafirisha PlayBook kama 500,000 katika robo ya kwanza ya mauzo, robo iliyofuata 200,000, iliyofuata 150,000. Desemba 2011 ikaandika hasara ya dola milioni 485 kabla ya kodi kwa ajili ya mzigo uliokwama. Fire yenyewe ikawa bidhaa iliyouzwa kuliko zote katika duka la Amazon msimu ule wa sikukuu.

Kwa nini? Aliyeagiza Fire kwa Amazon alifungua boksi akakuta akaunti yake imeshawekwa ndani. Vitabu alivyonunua miaka ya nyuma vipo, muziki upo, filamu zipo. Aliyenunua PlayBook alifungua boksi akakuta kifaa cha kampuni iliyotajirika kwa barua pepe, lakini hakina programu ya barua pepe. Kalenda hakina, kitabu cha majina hakina. Vyote hivyo ilibidi kuviazima kutoka simu ya BlackBerry kwa kuviunganisha kwa Bluetooth, na asiye na simu hiyo alisoma barua zake kwenye kivinjari. Upungufu ulizibwa kwa toleo la 2.0 tarehe 21 Februari 2012. Miezi kumi! Katika biashara hii miezi kumi ni umri wa mtu mzima.

Kuna atakayesema kilichoamua ni bei. Bei ilichangia, sikatai, lakini PlayBook nayo ilishushwa hadi dola 199 Novemba hiyo hiyo. Maghala yakapungua mzigo. Waandishi wa programu hawakuja.

Na hawa ndio tuwatazame, kwa sababu hesabu yao ni kali na haina upendeleo. Chukulia, kwa mfano tu, kwamba mmiliki mmoja katika kila mia atanunua programu yako kwa dola 1, na duka linakata asilimia 30. Apple ilitangaza Machi 2011 kwamba iliuza iPad milioni 15 mwaka 2010. Asilimia moja yake ni wanunuzi 150,000, na mfukoni kwako zinaingia dola 105,000. PlayBook, ukijumlisha robo zote tatu nilizotaja, ni 850,000. Asilimia moja ni 8,500, na unabaki na dola 5,950. Kazi ya kuandika programu ni ile ile, pengine zaidi, maana mfumo mgeni una zana changa na maswali yake hayajajibiwa na mtu popote. Huyo msanidi hana chuki na kifaa chako. Amepiga hesabu.

RIM waliijua hesabu hiyo, wakajaribu njia ya mkato ambayo bado inajaribiwa hadi leo: kuazima programu za jirani. Toleo la 2.0 lilikuja na uwezo wa kuendesha programu za Android 2.3. Mwandishi alichukua faili lake la APK, yaani furushi la programu ya Android, akalipitisha kwenye zana ya kukagua, akalifunga upya kama faili la BAR, furushi la BlackBerry, akaligonga sahihi, akalipeleka duka la BlackBerry. Kampuni ilifika mahali pa kugawa PlayBook bure kwa kila aliyeleta programu yake ya Android kabla ya katikati ya Februari 2012. Programu zikaja, lakini zilizokuja ni nyepesi. Zile zilizokuwa na sehemu zilizoandikwa kwa C hazikupita. Zilizotegemea ramani za Google au malipo ya Google hazikufanya kazi, maana huduma hizo hazikuwa sehemu ya Android iliyoazimwa. Michezo mikubwa na programu za usafiri, yaani zile hasa ambazo watu waliziulizia, zikabaki nje. Ukiazima sufuria bila mafiga, bado hujapika.

Sasa TouchPad ya HP, kisa kinachosimuliwa mara nyingi na kueleweka nusu. HP ilinunua kampuni ya Palm mwaka 2010 kwa dola bilioni 1.2, ikapata mfumo wa webOS, ambao kwa namna ya kupanga kazi nyingi kwenye kadi za kutelezesha uliwatangulia wenzake. TouchPad iliingia sokoni Marekani tarehe 1 Julai 2011: kioo inchi 9.7, chipu ya Snapdragon yenye viini viwili vya gigahezi 1.2, RAM GB 1, betri mAh 6300. Bei dola 499 kwa GB 16, sawasawa na iPad 2. Kifaa kilikuwa na unene wa milimita 13.7 na uzito wa gramu 740 hivi, wakati iPad 2 ilikuwa na milimita 8.8 na gramu 601. Kwa bei ile ile, mnunuzi alipewa kizito zaidi, kinene zaidi, chenye programu chache zaidi. Tarehe 18 Agosti HP ikatangaza kukiachilia mbali. Siku 49.

Siku mbili baadaye bei ikashushwa: dola 99 kwa GB 16, dola 149 kwa GB 32. Tovuti za maduka zikalemewa, mzigo ukaisha. Wengi wakahitimisha kwamba kumbe bei ndogo ingekiokoa tangu mwanzo. Haiwezekani. Waliokifungua na kukadiria gharama ya vipuri walipata zaidi ya dola 300 kwa kile cha GB 32, kwa hiyo kila kilichouzwa kwa 149 kilikula mtaji. Amazon iliweza kuuza Fire kwa bei inayokaribiana na gharama kwa sababu kila mnunuzi angerudi dukani kwake kununua kitabu. HP walizoea kumuuzia mwenye printa wino kila mara; kwa kishikwambi hawakuwa na kitabu cha kuuza, wala wino.

Hata hivyo kilichofuata kinafundisha zaidi. Vifaa vingi vilikuwa mikononi mwa watu, na vyote ni vya aina moja: chipu moja, kioo kimoja, na mlango wa kuwashia ambao HP haikuufunga kwa kufuli. Oktoba 2011 kundi la CyanogenMod likatoa Android ya kwanza ya majaribio kwa TouchPad. Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Unaandika webos20090606 kwenye kisanduku cha kutafutia ili ufungue hali ya msanidi. Unaunganisha na kompyuta, unatengeneza folda iitwayo cminstall, unaweka humo mafaili ya mfumo bila kuyafungua. Unawasha upya huku umebana kitufe cha kuongeza sauti mpaka alama kubwa ya USB itokee kwenye kioo. Kisha kwenye kompyuta unaandika novacom boot mem:// < ACMEInstaller na kusubiri mistari imalizike. Ukiwasha tena unakuta orodha ya kuchagua: webOS au Android, vyote viwili ndani ya kifaa kimoja.

Yaliyoharibika yalikuwa ya kawaida mno. Betri ikiachwa mpaka ikafa kabisa, kifaa hakiwaki, na chaja ya simu ya ampea nusu haikiamshi; kilihitaji chaja yake ya volti 5.3 na ampea 2, kwa saa kadhaa. Na chaja hiyo ina kichwa cha mviringo kinachozungushwa: kisipobanwa mpaka mwisho, haipitishi umeme, na watu wakadhani kifaa kimekufa. Nalitaja hili kwa sababu mafundi wetu hukutana nalo kila wiki kwenye vifaa vingine. Kabla ya kufungua kava, badilisha chaja na waya.

Basi Android ile iliwapa wamiliki miaka ya ziada, lakini angalia ilikotoka: si kwa HP, ni kwa watu wa kujitolea, na kamera na maikrofoni vilichelewa kufanya kazi kwa sababu madereva yake, yaani programu ndogo zinazoendesha sehemu hizo, yalibaki mikononi mwa mtengenezaji. Upande wa webOS, HP ilizima seva za akaunti na duka la programu tarehe 15 Januari 2015. Tangu hapo kifaa kilichofutwa hakiwezi kuanza kwa njia ya kawaida, kwa kuwa hatua yake ya kwanza ni kuuliza akaunti kwenye seva isiyokuwepo, na mwenyewe inabidi apite mlango wa uani. Huduma za PlayBook nazo zilifikia mwisho tarehe 4 Januari 2022. iPad 2, rika lao, iliendelea kupata matoleo mapya ya mfumo mpaka iOS 9 ya mwaka 2015. Hapo ndipo wenye nguvu wanapowaacha wenzao, na boksi halionyeshi.

Tuje nyumbani. Vishikwambi vya bei nafuu vinavyojaa kwenye maduka yetu, vyenye majina usiyoyakumbuka kesho yake, havikosi programu kama PlayBook, maana vyote ni Android. Tatizo lao ni mnyororo. Mtengenezaji wa chipu, tuseme Unisoc, Rockchip au Allwinner, hutoa furushi la madereva kwa toleo fulani la Android. Kiwanda cha bodi hulichukua, huvifanya kioo cha kugusa na kamera vikubaliane nalo, kisha mwenye jina hubandika jina. Ili toleo jipya lije, mwenye chipu atoe furushi jipya, kiwanda kirudie kazi, kisha majaribio ya Google yapitwe tena. Mwenye jina mara nyingi hana hata msimbo wa mfumo huo mkononi. Muuzaji anapokuahidi kwamba kitasasishwa, anaahidi kwa niaba ya mtu wa tatu ambaye hamjui. Ukitaka kulinganisha, Samsung iliahidi miaka 7 ya masasisho kwa Galaxy Tab S10 ya mwaka 2024.

Kuna mambo ya kupima ukiwa bado kaunta, na yote hayachukui nusu saa. Fungua Play Store, gusa picha ya akaunti juu kulia, ingia kwenye mipangilio, kisha sehemu ya kuhusu. Chini utaona kama kifaa kimeidhinishwa na Google. Kisipoidhinishwa, programu za benki zinaweza kukataa kufunguka na Netflix inaweza isionekane kabisa dukani. Ukitaka filamu, weka programu ndogo ya kuonyesha kiwango cha Widevine, kinga ya Google dhidi ya kunakili filamu: L1 inaruhusu picha kali, L3 inakubakisha kwenye mistari 480 hata kama kioo ni kizuri namna gani.

Halafu uongo wa toleo. Wapo wanaobadili maandishi tu, mfumo ukajitangaza Android 14 ilhali ndani ni wa zamani. Nenda kwenye taarifa za kifaa, soma tarehe ya sasisho la usalama. Android 14 ilitoka Oktoba 2023. Ukiona toleo 14 na sasisho la 2019, mojawapo ni uongo, na huwa ni lile la kwanza. Soma na namba ya kerneli, yaani moyo wa mfumo. Ikiwa 3.10 au 3.18, hiyo ni ya zamani; rudisha kifaa kaunta.

Hifadhi nayo hudanganywa. Kifaa kimeandikwa GB 256, chipu ya ndani ni ya GB 16 au 32 iliyofundishwa kujitangaza kubwa. Hakitakugomea siku ya kwanza. Kitapokea mafaili, na yakipita ukubwa wa kweli yatapotea au kuandikana juu kwa juu, ukagundua miezi miwili baadaye picha za harusi hazifunguki. Kipimo ni kunakili video moja ya GB 4 mara kumi na tano au zaidi kwa majina tofauti, kisha kufungua ya kwanza, ya katikati na ya mwisho. Kazi hii haiwezekani kwenye kaunta yenye foleni, basi ifanye siku ile ile nyumbani ukiwa na risiti. RAM nayo, ukiona imeandikwa 12 kwa maana ya 4 kujumlisha 8, hiyo 8 ni hifadhi iliyokopwa na ni ya polepole. Hesabu 4.

Baada ya haya yote mtauliza, wapi basi hawa wadogo wanashinda? Wanashinda pale kifaa kinapopewa kazi moja, na aliyekitoa anamiliki kila kinachohitajika kwa kazi hiyo. reMarkable ya Norway inatengeneza kishikwambi cha karatasi ya kielektroniki cha kuandikia kwa kalamu: inchi 10.3, unene milimita 4.7, gramu 403 kwa toleo la pili. Duka la programu halina, na hilo silo pengo, kwa kuwa mnunuzi anataka daftari. Hakuna anayeuliza kama TikTok inaingia.

Mfano wa kwetu ni mkubwa zaidi. Sensa ya Kenya ya Agosti 2019 ilitumia vishikwambi vilivyounganishwa na Chuo Kikuu cha Moi na kile cha Jomo Kenyatta. Tanzania ilihesabu watu kwa vishikwambi tarehe 23 Agosti 2022. Karani wa sensa anahitaji programu moja ya dodoso, GPS inayoshika satelaiti chini ya mwembe, betri ya kumaliza siku, na njia ya kutuma data mtandao ukirudi. Idadi ya programu dukani haimhusu. Jina la kifaa halimhusu. Kwa kazi hiyo, kishikwambi cha bei ya chini kinashindana na iPad na kukishinda, kwa sababu kwa fedha ile ile unawafikia makarani wengi zaidi.

Lakini tazameni kilichofuata. Nchini Tanzania vishikwambi hivyo vilikabidhiwa kwa walimu baada ya sensa. Dakika kifaa kinapotoka kwa karani kuingia kwa mwalimu, kazi moja inakuwa kazi hamsini: vitabu, video, alama za wanafunzi, mikutano ya mtandaoni, WhatsApp. Maswali yote ya masasisho, hifadhi na vipuri yaliyokuwa yamelala yanaamka kwa pamoja. Kwa hiyo shule au ofisi inayonunua vifaa visivyo na jina iandike kwanza kazi ipi, kisha inunue kwa kazi hiyo. Walimu wakuu waliopo hapa, nimewaandalia hesabu.

Kishikwambi chenye betri ya mAh 6000 hubeba nishati ya kama Wh 22, yaani wati 22 kwa saa moja. Arobaini ni Wh 880, na ukiongeza kinachopotea kwenye chaja, weka uniti 1.1 kwa kujaza darasa zima mara moja. Vyote vikichajiwa kwa pamoja kwa wati 10 kila kimoja ni wati 400, mzigo unaoweza kuizima inveta ndogo ya sola, hivyo gawa mafungu mawili, ishirini ishirini, saa tatu kila fungu. Chaja za ampea 1 zitaongeza muda mara mbili, na kioo kikiwaka hazitajaza kabisa. Nunua vitatu kwanza, vipime kwa majaribio niliyotaja, vitumie mwezi mzima darasani. Kisha agiza vilivyobaki kwa namba ile ile ya modeli na toleo lile lile la bodi, maana wenye majina haya hubadilisha bodi na kioo ndani ya kava lile lile bila kubadili jina, na kioo cha shehena ya Machi hakiingii kwenye kifaa cha shehena ya Agosti. Katika kila arobaini agiza vioo vinne vya akiba na betri mbili, vije na mzigo wenyewe, kwa sababu baada ya mwaka hutavipata. Mwambie muuzaji alete na faili la mfumo la bodi hiyo kwenye flashi. Fundi wako atalihitaji siku kifaa kitakapokwama kwenye nembo, na mtandaoni kuna mafaili kumi yanayofanana jina, tisa kati yake yakiwa ya bodi nyingine.